Plagi za Safari

Ukitaka kumwona Bi Cheche akipandwa na mori, mpelekee plagi zilizosafishwa. Mengine anayavumilia. Anayepiga honi mlangoni anamvumilia, anayesema fundi wa mtaa wa pili kamwambia vingine anamvumilia, hata yule anayemsimamia kichwani na kumwelekeza kazi humwacha aongee mpaka achoke mwenyewe. Lakini plagi iliyosuguliwa kwa petroli na brashi ya waya mpaka ikang'aa, hiyo hapana. Huishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, kisha akamtazama mwenye nayo kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Umenifutia habari yote," husema. "Sasa unataka nisome nini hapa? Jina la kiwanda?"

Maana kazi ya Bi Cheche ndiyo hiyo, kusoma plagi. Duka lake ni chumba chembamba katika safu ya karakana, rafu zimepanda hadi darini, meza ya kazi yenye jiliwa la kubania vyuma iko karibu na mlango ili ipate mwanga. Magari yanayokohoa asubuhi, yanayokunywa mafuta kupita kiasi, yanayokata pumzi yakiona mlima, yote huishia uani pale. Wauzaji wengine watakufungulia kitabu, wakuuzie plagi iliyoandikwa humo, wakutakie safari njema. Bi Cheche hutaka kwanza zile kuukuu, kila moja kutoka silinda yake, azipange kwa mpangilio juu ya kitambaa cheupe. Kama zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, injini inaishi kwa raha. Zikiwa nyeusi na zimelowa mafuta, kuna kitu kimelika ndani. Zikiwa nyeupe zenye malengelenge, kuna moto usio wa kawaida. Zikiwa nyeusi na kavu kama sehemu ya chini ya sufuria ya kuni, gari hilo haliendi kokote, linazungukazunguka tu bila kupata joto.

Na wala haoni haya kujisifu. "Mimi sikosei," ndiyo kauli yake, na kinachoudhi watu ni kwamba kweli hakosei. Fundi rangi, jirani yake pale uani, husema mwanamke huyu anaweza kuitazama plagi yako akakwambia umegombana na mkeo kwa sababu gani. Anatania, lakini si sana. Kuna bwana mmoja aliapa kwamba gari lake halishikwi na mtu mwingine. Bi Cheche akamwambia gari hilo linabeba mchanga, tena mwingi, tena juzijuzi. Bwana akampigia simu shemeji yake palepale, na kelele alizopiga zilisikika hadi kwa wachomeleaji.

Ujuzi huo hakuupata darasani. Alifundishwa na kaka yake mkubwa, ambaye mji mzima unamwita Masafa. Bi Cheche alipokuwa bado msichana mwenye makovu magotini, Masafa tayari alikuwa dereva wa teksi za safari ndefu, zile zinazojaza abiria ndani na mizigo juu ya paa, kisha zinapanda mlima wa kona kali mpaka nyanda za juu. Jumapili alifungua boneti uani kwa mama yao, akatandika gunia, akaweka plagi mbili.

"Haya, nipe plagi."

Mdogo wake akinyoosha mkono tu, anapigwa kikofi chepesi.

"Hujaniuliza swali."

"Swali gani, kaka?"

"Gari linakwenda wapi?"

Hapo ndipo mambo yote yalipo. Plagi zina za moto na za baridi. Ya moto hulishika joto kwenye ncha yake, ikajichomea masizi yenyewe, kwa hiyo inalifaa gari la kwenda sokoni na kurudi. Ya baridi hulitoa joto haraka, kwa hiyo inalifaa gari linalopanda mlima na mzigo kwa saa nzima. Ukizibadilisha umekwisha. Ile ya baridi ukiiweka kwenye gari la mtaani itakabwa na masizi, na ile ya moto ukiipandisha mlimani ncha yake itakuwa kaa la moto, iwashe petroli kabla ya wakati wake, mwishowe pistoni inatoboka. Kwa nje zinafanana kabisa. Zinatofautiana kwa ndani kidogo na kwa namba iliyoandikwa kwenye kauri, na hata namba zenyewe kila kiwanda kina mtindo wake, huku zikipanda ni baridi, kule zikipanda ni moto. Ndiyo maana Masafa alimfundisha kuanza na swali.

Alhamisi moja asubuhi, Masafa aliingia uani kwa miguu. Gari alikuwa ameliacha nje ya lango. Alivaa shati lake la safari, jeupe, limenyooshwa kwa pasi, na alitembea kwa madaha yake yaleyale ya mtu aliyezoea kusubiriwa na abiria. Alipopita ukutani kwa fundi rangi akasimama.

"Vipi wewe? Mbona kimya leo? Umenuniwa nyumbani?"

Aliyekuwa akisalimiwa ni ovaroli, imetundikwa kwenye msumari. Fundi rangi mwenyewe alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango wa gari akiupiga msasa, na alicheka mpaka akakaa chini. "Masafa bwana! Anaongea na ovaroli!" Masafa naye akacheka, akasema ovaroli ina adabu kuliko mwenyewe. Uani wote ukacheka, kwa sababu Masafa ni mtu wa mizaha na kila mtu anajua hivyo.

"Shikamoo, kaka," Bi Cheche alimpokea mlangoni.

"Marahaba, mdogo wangu. Mikono vipi?"

"Michafu, kama kawaida."

Masafa akaweka kifurushi cha gazeti juu ya meza. "Nipe za safari, zilezile. Jumamosi nampeleka mama."

Safari hiyo Bi Cheche aliijua. Mama yao alikuwa na mdogo wake aliyeolewa huko nyanda za juu, na kila mwaka alipelekwa kumwona. Kwenye basi hakubali kupanda, nyonga zake zinakataa. Dereva mwingine naye hamtaki hata kumsikia. Ni Masafa na gari lake tu, miaka nenda miaka rudi, mama kiti cha nyuma na mto wake wa kukalia, wakipanda mlima ule ambao madereva wapya huufanyia dua kabla ya kuuanza. Mwaka huu mama mdogo alikuwa anaumwa, akatuma ujumbe kwamba asicheleweshwe dada yake.

Bi Cheche akafungua gazeti. Plagi nne, zinameremeta.

"Nani kaziosha hizi?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Nimeona nisikuchafue mikono."

Bi Cheche akaitazama mikono yake, yenye weusi uliokataa sabuni tangu mtoto wake wa kwanza hajazaliwa. Akamtazama kaka yake. Huyu ndiye aliyewahi kumrushia utingo wake brashi ya waya hadi barabarani kwa kosa hilihili. Masafa alikuwa ameshageukia rafu, anazikagua kama mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza.

"Gari lina nini?"

"Linakohoakohoa asubuhi. Uzee tu. Wewe nipe plagi."

"Siku hizi unaendesha wapi, kaka?"

"Si kulekule. Barabara kuu, kila siku."

"Na mlimani?"

"Juzi tu nimeshuka. Bibi wewe, umekuwa askari?"

Bi Cheche akacheka, akamwomba funguo ya gari alitazame, akamwambia akae kwa fundi rangi apoze koo. Masafa akaenda. Aligusa fremu ya mlango alipokuwa akitoka, kisha akagusa ukuta.

Alipobaki peke yake, Bi Cheche alichukua plagi moja akasogea mlangoni kwenye mwanga. Brashi ya waya husafisha inapofika, lakini kati ya kauri na chuma, ndani kabisa, kuna mfereji mwembamba ambao haiwezi kuuingia. Akachukua sindano ya kushonea magunia, akaipitisha humo, akaitoa. Nyeusi. Akaipangusa kwenye kitambaa cheupe, akasugua kwa kidole: masizi makavu, hayana mafuta hata chembe. Akachukua ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilisema kitu kimoja.

Yeye si mtu wa kuhukumu kwa ushahidi mmoja. Alitoka nje ya lango, akafungua boneti. Kichujio cha hewa kilikuwa kipya. Kabureta aliisawazisha yeye mwenyewe, na ilikuwa vilevile alivyoiacha. Injini haikuwa na ugonjwa wowote wa kuleta masizi namna ile. Lilikuwa gari linalounguruma bila kutembea, au linalotembea hatua chache na kuzimwa, na mwenyewe anasema kila siku yuko barabara kuu.

Alipofunga boneti ndipo akaliona gari lenyewe. Tairi moja lilikuwa limepanda kwenye ukingo wa njia ya miguu. Kioo cha pembeni upande wa kushoto kilikuwa kimefungwa kwa waya. Mlango wa kushoto ulikuwa na mkwaruzo mrefu, na bampa ilikuwa na mwingine, upande uleule. Gari la Masafa, ambalo watu walikuwa wakijitazamia nywele kwenye milango yake! Bi Cheche akakumbuka ovaroli pale ukutani, akakumbuka kwamba kicheko cha kaka yake kilichelewa kidogo.

Alitoa simu akampigia wifi yake.

"Wifi, kaka haumwi?"

"Aumwe nini? Anaondoka asubuhi, anarudi jioni. Ila siku hizi taa ya sebuleni haitaki, ati inamwumiza macho. Mpira anausikiliza redioni, televisheni kaniachia mimi. Kwani vipi?"

"Basi tu. Mambo ya plagi."

"Wewe na plagi zako!" wifi akasema, akacheka, akakata.

Bi Cheche alisimama pale na simu mkononi. Tuseme wazi, aliogopa. Yeye asiyeogopa wateja wala wenye mizigo wala fundi yeyote mwenye domo, ilibidi aegemee boneti kando ya barabara. Aliuona mlima ule, kona kali na malori yanayoshuka kwa gia nzito, na mama yao nyuma akiwa ameukalia mto wake, anasinzia kwa sababu mwanawe ndiye anayeendesha.

Njia za kuizuia safari hazikukosekana. Angeweza kumwambia mama, na mama angeahirisha kwa maneno ambayo Masafa asingeyasahau. Angeweza kumnong'oneza fundi rangi, na kabla ya adhuhuri uani wote ungekuwa unamwonea Masafa huruma. Angeweza kusema injini imekufa, na kwa uongo huo angemdanganya mtu aliyemfundisha kwamba injini haidanganywi. Hizo zote hazikumpendeza. Alirudi dukani kwa mwendo wa mtu aliyekata shauri, akashusha maboksi mawili kutoka rafuni, akayafungua, akayatupa maboksi yenyewe chini ya meza.

"Kaka! Njoo basi!"

Masafa alipoingia, mlango aliuegesha. Juu ya kitambaa cheupe palikuwa na mafungu mawili, plagi nne huku, plagi nne kule.

"Chagua," Bi Cheche akasema.

"Nichague nini? Si nimekwambia za safari?"

"Ndiyo. Za moto na za baridi ziko hapo. Chagua."

"Mbona umeondoa maboksi?"

"Wewe ulikuwa unaniwekea na maboksi?"

Masafa akatoa kicheko kifupi, akachukua plagi moja. Akaisogeza karibu na pua. Akaipeleka mbali, mkono umenyooka. Akageukia mwanga wa mlangoni, akaizungusha, akapitisha kidole gumba juu ya namba polepole, kama namba ingeweza kusikika kwa ngozi. Akaichukua ya fungu la pili akafanya vilevile. Bi Cheche alitaka kuigeuza shingo yake atazame pembeni, lakini akajilazimisha kutazama. Ilikuwa inamwuma kweli kweli.

Masafa akaziweka zote mbili chini.

"Hujaniuliza swali," akasema.

"Haya, nakuuliza." Bi Cheche akafuta mikono kwenye ovaroli. "Gari linakwenda wapi, kaka?"

Masafa alipapasa nyuma yake akalipata kigoda, akakaa.

"Linakwenda nyuma ya ghala la saruji," akasema. "Naliegesha pale kwenye kivuli. Nawasha injini isije ikalala, nasikiliza redio. Jioni nalirudisha nyumbani polepole."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Nilikuwa napandisha abiria mlimani, mbele yangu kuna lori limekufa njiani. Sikuliona. Abiria mmoja alipiga kelele ndipo nikakanyaga breki. Nilisimama nyuma yake hapo hapo, mkono haupiti. Niliwafikisha, usifikiri sikuwafikisha. Tangu siku hiyo sijapakia mtu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba Masafa haoni? Mimi nina jambo gani jingine, mdogo wangu? Wewe una plagi zako. Mimi nina barabara tu."

"Na Jumamosi ungempakia mama!"

"Barabara ile naijua kwa moyo. Kona zote nazijua."

"Kona unazijua. Na malori je? Nayo unayajua kwa moyo?"

Bi Cheche alitaka kumgombeza na alitaka kulia, na kwa kuwa yeye si mtu wa kufanya mambo nusunusu, alifanya yote mawili kwa pamoja. Alimwita kichwa kigumu, mwongo, mtu mzima hovyo, huku machozi yakimteremka na yeye akiyafuta kwa kiganja na kujipaka weusi usoni. Masafa alimwacha amalize. Kwa kuwa hakuona vizuri, alinyoosha mkono akagusa shavu lake, akayakuta machozi.

"Umemaliza?"

"Bado. Ila nimechoka."

Masafa akageukia meza. Akapapasa kitambaa, akachukua plagi moja, akamnyooshea.

"Nisomee," akasema.

Bi Cheche akaipokea. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia kaka yake akiomba jambo kwa sauti ile. Akaisoma namba, tarakimu kwa tarakimu, taratibu, jinsi alivyokuwa akizisoma uani kwa mama yao akiogopa kikofi.

"Hiyo ni ya baridi," Masafa akasema.

"Ya baridi."

"Ya safari."

"Ndiyo, kaka. Ya safari."

"Basi funga hizo. Mama mdogo anamsubiri dada yake, na mlima haupandwi na plagi za sokoni." Akavuta pumzi. "Utaendesha wewe. Funguo si unayo? Baki nayo."

Bi Cheche, ambaye jibu huwa liko mdomoni kabla swali halijaisha, aliupapasa mfuko kwanza. Funguo ilikuwa mfukoni mwa ovaroli yake tangu alipokwenda kulitazama gari, na sasa ikawa nzito. Leseni anayo, na magari ya watu anayajaribu kila siku iendayo kwa Mungu, lakini gari hili hakuwahi kuliendesha hata kulitoa kivulini. Hakuna aliyewahi.

"Lakini ukishuka ule mlima," Masafa akaongeza, "usikanyage breki kama unaua mende. Nakujua."

"Na wewe usinipigie kelele. Nitakushusha njiani."

Walizifunga plagi pamoja nje ya lango. Bi Cheche alipima nafasi ya kurukia cheche kwa kila moja, akaianza kwa mkono, laini, mpaka ikakaa, ndipo akatia spana. Masafa alisimama ameegemea ubavu wa gari, kichwa kimeinama upande.

"Hiyo ya tatu umeikaza mno."

"Umeonaje?"

"Nimeisikia spana. Ilegeze kidogo."

Aliilegeza, na kweli ilikuwa imekazwa mno. Alipowasha, injini ilishika mara moja na kutulia kwenye mlio wa chini, na wote wawili wakasimama wakiusikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Fundi rangi akachungulia langoni akauliza kama kuna harusi. Masafa akamwambia arudi kwa ovaroli yake, ina akili kumzidi.

Jumamosi asubuhi mama yao alitoka mlangoni na mto wake kwapani, kanga mbili, fimbo, na kikapu ambacho hakumruhusu mtu kukigusa. Alisimama kando ya gari akawatazama wanawe. Masafa alikuwa ameshika kishikio cha mlango wa nyuma. Bi Cheche alikuwa upande wa usukani, amenawa mikono mpaka imekuwa myekundu.

"Leo nani anaendesha?" mama akauliza.

Masafa alikohoa. Alikuwa ameandaa maneno, kitu fulani kuhusu mgongo kumwuma. "Leo anaendesha Cheche, mama. Mimi mgo..."

"Afadhali," mama akasema, akimpa Bi Cheche mto auweke. "Juzi kanisindikiza kwa miguu zahanati hapo, akaisalimia nguzo ya umeme mpaka nikaona haya."

Masafa alisimama na mlango wazi.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nimekuzaa mimi."

"Na leo ungepanda? Ningeendesha mimi, ungepanda?"

"Ningepanda." Mama alikuwa ameshaanza kuingia, mguu mmoja ndani, akihema. "Ningekuachaje uende kule peke yako? Shika hiyo fimbo. Na dirisha funga, upepo wa asubuhi siupendi."

Masafa akaishika fimbo. Alifunga dirisha, akafunga mlango wa mama kwa upole, akazunguka gari lote kwa kupapasa boneti, na alipokaa kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia maishani mwake, uso wake ulikuwa umelowa na hakujisumbua kuuficha. Bi Cheche naye alijifanya anatafuta mahali pa kurekebishia kiti.

Safari ilikwenda vizuri. Kwenye tambarare Bi Cheche alikuwa anajisifu kwa sauti, na mama alikuwa anamwambia apunguze, mwendo na maneno. Mlima ulipoanza alinyamaza. Kona ya kwanza ilimjia kali kuliko alivyoikumbuka, na lori lilikuwa linashuka katikati ya njia.

"Gia ya pili," Masafa akasema. Alikuwa amefumba macho, mkono mmoja juu ya dashibodi. "Iache injini ivute. Baada ya hii kuna kushoto, kisha kushoto tena, kisha daraja dogo. Lori liko wapi?"

"Limepita."

"Kuna jingine?"

"Hakuna."

"Basi kanyaga. Usilionee huruma gari, linaweza."

Wakapanda hivyo, yeye akisema kona, mdogo wake akisema malori. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, Bi Cheche alitii kila alichoambiwa bila kujibu. Injini ilivuta bila kugonga wala kukohoa. Walipofika penye mteremko mfupi wa kupumulia, alijiona amepata nguvu za kusema lililomkaa.

"Tukirudi, kliniki ya macho."

"Nimesikia."

"Mtoto wa jicho anatolewa siku hizi, wala si jambo la kufa. Au ni kitu kingine, watakuambia. Lakini unakwenda."

"Nimesema nimesikia. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka."

"Umeshanogewa na gari langu," Masafa akasema, na nyuma mama akacheka.

Juu kabisa ya mlima kuna uwanja wa changarawe ambapo magari huegeshwa ili injini zipoe. Bi Cheche alipokaribia, Masafa akanyanyua mkono.

"Zima sasa hivi. Ikiwa bado inavuta. Usiiache iungurume. Iache iserereke mpaka isimame."

Alijua anataka nini, kwa sababu ndivyo plagi inavyosomwa kwa haki: unalikamata gari likiwa kazini, kabla halijapata nafasi ya kujisingizia. Akazima, gari likaserereka hadi kwenye changarawe. Mama akauliza kama limekufa. Masafa akamwambia bado, mama, tunalipima tu.

Walisubiri kidogo, kisha Bi Cheche akafungua boneti, akaitoa plagi ya kwanza kwa spana na kitambaa kinene. Hewa ya huko juu ilikuwa ya baridi, chuma kilikuwa bado kinatoa moshi mwembamba. Masafa alikuja akasimama begani kwake. Aliinamia plagi, akakunja uso, akaacha.

"Rangi gani?"

Bi Cheche akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akatazama ncha, akatazama ndani kabisa kwenye mfereji.

"Chai ya maziwa."

"Usinidanganye."

"Kaka, mimi sikosei."

Masafa akanyoosha kiganja. Bi Cheche akamwekea plagi humo pamoja na kitambaa chake, na yeye akaishika, moto wake ukipenya taratibu kwenye vidole. Aliishika mpaka ikapoa. Kisha akamrudishia.

"Basi rudisha," akasema. "Usiikaze mno. Mama anasikia baridi."